Kosa Lililoeleweka

Kompyuta nyingi siku hizi huwaka kimya. Nembo inatokea, kiduara kinazunguka, na mwenye mashine anangoja aone kama leo itakubali. Kwenye Linux, ukibonyeza Esc wakati wa kuwaka, mara nyingi nembo huondoka na nyuma yake unakuta maandishi meupe yakipanda kwa kasi kwenye skrini nyeusi: kumbukumbu imehesabiwa, diski imeonekana, kadi ya mtandao imeitwa ikaitika, au imeitwa isiitike. Maandishi hayo hayapotei. Ukishaingia ndani, amri moja fupi, dmesg, inakurudishia yale ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, kila mstari na wakati wake uliohesabiwa kwa sekunde tangu kerneli ilipoanza kazi. Wengi huuogopa ukurasa huo. Kwangu mimi ni heshima kubwa ambayo mashine inampa mtumiaji wake, na nataka kuwasifu wale wanaoketi wakausoma.

Nawasifu kwa sababu mfumo usioficha kitu humwondolea fundi ruhusa ya kukisia. Tumezoea tiba mbili: zima uwashe tena, na ikishindikana, piga Windows upya. Zote huleta nafuu, wala hakuna inayoeleza kilichotokea. Hitilafu iliyoondoka bila kueleweka haijatengenezwa, imeahirishwa tu, na itarudi siku ambayo mwanafunzi anakabidhi tasnifu au mhasibu anafunga hesabu za mwezi. Mfumo endeshi huria unamruhusu fundi akatae kuahirisha. Kila alichotaka kujua kimeandikwa mahali, na asipokipata kwenye kumbukumbu za mfumo atakipata kwenye programu yenyewe, ambayo iko wazi kwa yeyote.

Tazama namba peke yake. Kerneli inapokwama hutaja namba hasi, na maana zake zimerithiwa kutoka Unix ya zamani. Hasi 2 ni faili lililotafutwa likakosekana. Hasi 5 ni kushindwa kusoma au kuandika. Ikijirudia kwenye diski ileile, acha shughuli nyingine zote, okoa kwanza picha na nyaraka za mwenye mashine. Hasi 12, kumbukumbu imekwisha. Hasi 71 kwenye kifaa cha USB ni mazungumzo yaliyovurugika njiani, na mara nyingi mkosaji ni waya uliochoka au tundu lililolegea. Hasi 110 ni kifaa kilichoitwa kikanyamaza hadi muda ukaisha. Asiyezijua namba hizi husema diski ya nje imekufa. Anayezijua hujaribu waya mwingine kabla ya kumtuma mteja dukani, na hapo amemwokolea mtu fedha aliyokuwa ameitengea ada ya shule.

Kabla ya namba, hata hivyo, kuna swali linalotangulia: ubovu uko kwenye kifaa au kwenye programu? Kwa hili Linux ina zawadi ambayo sijaona tunaishukuru vya kutosha. Unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi, mfumo mzima unafanya kazi kutoka kwenye flashi hiyo na kumbukumbu, na diski ya ndani haiguswi. Mjerumani Klaus Knopper aliueneza mtindo huu kwa Knoppix yake kuanzia mwaka 2000, enzi za sidii. Flashi hiyo ni jirani aliyekuja kutazama nyumba bila kusogeza kiti. Sauti ikitoka kwa flashi na isitoke kwa mfumo wa ndani, spika ni nzima. Ikikosekana kote kuwili, anza kushuku kifaa. Dakika chache za jaribio hilo zinatosha kukata nusu ya uwezekano wote.

Hitilafu ninazozipenda kuliko zote ni za saa, maana hakuna nyingine zinazojificha vizuri hivyo. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri bapa ya volti 3, CR2032, yenye upana wa milimita 20. Katika laptopu nyingi imefunikwa plastiki na kuunganishwa kwa nyaya mbili. Kazi yake ni kuiwezesha saa kutembea hata umeme ukiwa umekatika. Mashine za mitumba zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zimekwisha kuishi maisha mengine ng'ambo kabla ya kutufikia, na betri hiyo huenda imeshachoka. Ikifa, saa inarudi nyuma, pengine kwa miaka. Lakini mteja hatakuambia saa imerudi nyuma. Atakuambia intaneti haifungui.

Na kweli haifungui. Tovuti ya benki inaleta cheti kilichoanza kutumika mwezi uliopita. Kivinjari kinatazama saa, kinaona mwezi huo haujafika, kinakataa. Ukitaka kusakinisha programu, apt inalalamika kwamba orodha ya vifurushi bado haijaanza kuwa halali. Ukikagua diski unaambiwa ilifunguliwa mara ya mwisho katika tarehe ambayo haijafika. Fundi wa kukisia atabadilisha ruta. Fundi msomaji atagundua kwamba malalamiko yote matatu, yaliyotoka sehemu tatu zisizohusiana, yanazungumzia wakati. Ataandika date, atatazama jibu, atachukua bisibisi. Mfumo hujaribu kujisahihisha kwa kuuliza saa kwenye intaneti, lakini mtandao wa ofisi ukiwa umefunga mlango namba 123, ambao swali hilo hupitia, hakuna wa kujibu.

Kosa hili lina ndugu yake. Kompyuta yenye Windows na Linux pamoja hukosea saa kila unapohama upande, kwa sababu Windows huhifadhi kwenye saa ya ubao wakati wa mahali ulipo, na Linux huhifadhi wakati wa dunia, UTC. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tofauti inatoka saa tatu kamili. Lubumbashi, Kigali na Bujumbura ni saa mbili. Mwenzetu aliyeko Muscat ataona saa nne. Unadhifu wa kosa ndio ushahidi: betri iliyochoka hukosea ovyo, lakini kosa lisilozidi wala kupungua hata dakika moja ni la mifumo miwili isiyokubaliana. Mtu anayesikia "saa imepotea kwa tatu kamili" na kujua papo hapo pa kwenda, bila kugusa kompyuta, huyo ni fundi.

Kuhusu skrini nyeusi baada ya kusakinisha, nitasema kidogo. Mara nyingi draiva ya kadi ya picha haielewani na kadi. Kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, unabonyeza e, unaongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kerneli, picha inarudi ikiwa hafifu, na kazi halisi ya kutafuta draiva sahihi inaanza kutoka hapo. Kinachohitaji nafasi zaidi ni waifai.

Kadi nyingi za waifai haziwezi kufanya lolote mpaka zipakiwe fimwea, programu ndogo ya mtengenezaji inayoingizwa ndani ya kadi kila inapowaka. Fimwea hizo kwa kawaida si huria. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, iliziweka nje ya picha zake rasmi za usakinishaji kwa miaka mingi, kwa msimamo ninaouheshimu. Ila matokeo yake yalimwangukia anayeanza: kadi haiwaki bila fimwea, fimwea iko kwenye intaneti, na intaneti inahitaji kadi. Kwenye kumbukumbu za mfumo unaona ile hasi 2, faili halipo. Njia tuliyoizoea huku ni simu. Unachomeka simu ya Android kwa waya wa USB, unaiamuru igawe intaneti, na kerneli inaiona kama kadi ya mtandao wa waya. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuruhusu fimwea hizo kwenye kisakinishi rasmi, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nazo. Nadhani waliamua vyema. Uhuru ambao mtu hawezi kuufikia kwa sababu hana waya wa mtandao chumbani kwake bado haujamfikia.

Lakini draiva zenyewe zilitoka wapi? Watengenezaji wengi hawakuziandika, wala hawakueleza kadi zao zinavyofanya kazi. Kadi za Broadcom ziliwahi kuwa maarufu kwa ukimya huo. Wanaharakati wa programu huria walijigawa pande mbili: kundi moja lilichunguza draiva ya kampuni na kuandika maelezo ya tabia ya kadi, na kundi la pili, ambalo halikuigusa draiva hiyo, liliandika draiva mpya kwa kufuata maelezo hayo tu, ili pasiwe na shaka ya kunakili. Miongoni mwa walioishughulikia kazi hiyo alikuwa Mmarekani Larry Finger.

Finger hakuanza maisha kama mtu wa kompyuta. Alikuwa mwanasayansi wa fuwele za madini katika taasisi ya Carnegie huko Washington, na kuna madini yanayoitwa fingerite, yaliyopatikana kwenye volkano ya Izalco nchini El Salvador, yaliyopewa jina lake. Kuanzia mwaka 2005 alianza kutuma marekebisho kwenye kerneli ya Linux, na hakuacha. Yalipita elfu moja, mengi yakiwa ya kadi za bei nafuu za Realtek, zile hasa zinazokaa kwenye laptopu ambazo mwanafunzi anaweza kuzinunua. Alifariki Juni 2024.

Katika kazi zake zote, moja naiona kama kilele cha ufundi huu, ingawa ni ndogo kuliko nyingi. Kulikuwa na laptopu zenye kadi ya Realtek RTL8723BE ambazo waifai yake ilishika ukiwa umekaa karibu na ruta tu. Ukihamia chumba cha pili, mawimbi hakuna. Dalili kama hiyo inaelekeza kidole kwa ruta, kwa ukuta wa zege, kwa kadi iliyoungua. Sababu haikuwa hata moja kati ya hizo. Kadi ina sehemu mbili za kuunganishia antena. Watengenezaji wa laptopu, ili kubana gharama, walifunga antena moja, na kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya kadi ikawa imeandikwa kwamba antena iko kwenye ile sehemu nyingine. Draiva iliamini ilichoambiwa. Ikawa inasikiliza kwa makini kupitia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Jawabu la haraka ni kufungua laptopu na kuhamisha waya. Finger alilipima akaona halifai: kufungua kunaweza kuvunja dhamana, na kwenye mashine yenye mifumo miwili, Windows ingekuwa ndiyo inayokosa mawimbi. Mwaka 2016 akaongeza kwenye draiva chaguo linaloitwa ant_sel. Unaandika mstari mmoja kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, unachagua 1 au 2, unawasha upya, na chumba cha pili kinapata intaneti. Ninachokipenda hapa ni kwamba alifikiria mpaka nyumbani kwa mtu asiyemjua: ana bisibisi au hana, ana dhamana au hana, na mwenzake anatumia mfumo gani kwenye mashine hiyohiyo.

Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila upande wa pili, yaani mtu mwenye hitilafu anayejua kuieleza. "Waifai haifanyi kazi" haimsaidii yeyote. Amri ya lspci -nn hutoa kitambulisho cha kila kadi kwa namba mbili: 10ec:b723, kwa mfano, ambapo 10ec ni Realtek na b723 ni kadi yenyewe. Intel wao wamejipa 8086, namba ya kichakataji chao cha mwaka 1978. Jina la kwenye kasha linaweza kubadilika kila msimu, namba haidanganyi. Ukitoa namba hiyo, toleo la kerneli, mistari ya dmesg bila kuifupisha, na ulichobadilisha kabla tatizo halijaanza, umeshafanya sehemu kubwa ya matibabu. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja akafaulu hatajua kamwe ni kipi kilichomsaidia.

Haya yote, ukiyafuata nyuma, yanaanzia kwenye karatasi iliyokwama. Karibu mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya MIT ilipata printa mpya ya leza kutoka Xerox. Kwa printa ya awali Richard Stallman alikuwa ameirekebisha programu ili iwajulishe watu karatasi inapokwama. Kwa hii mpya hakuweza, kwa kuwa programu yake ilikuja imefungwa, na alipokwenda kuiomba kwa mtu aliyekuwa nayo akanyimwa. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, akaleta kerneli iliyoukamilisha. Huwa tunasimulia historia hiyo kama habari ya sheria na siasa za hakimiliki. Mimi naisoma kama habari ya fundi aliyezuiwa kutengeneza kitu kilichokuwa mbele yake.

Kijana akija kujifunza kwangu, simpi mashine mbovu. Nampa nzima, namwambia asome kumbukumbu zake za kuwaka tangu sekunde sifuri. Atashtuka kuona mistari myekundu. Laptopu nyingi zina mistari kadhaa ya ACPI inayolalamikia kasoro za BIOS, na mashine inafanya kazi miaka yote bila shida. Asipoizoea mapema, siku sauti itakapokatika ataifukuza hiyo jioni nzima. Anahifadhi kumbukumbu hizo kwa dmesg -t, isiyo na sekunde, ili mistari iweze kulinganishwa. Kisha naizima mashine, nachomoa kifaa kimoja bila yeye kuona, naiwasha tena, na anaanza kutafuta kwa amri ya diff mstari uliokuwapo na sasa haupo.