Kosa la Vienna katika kaakaa la Freud
Upasuaji wa kwanza wa saratani ya kinywa ya Sigmund Freud, Vienna, Aprili 1923, ulikosewa tangu mahali ulipofanyiwa: kliniki ya wagonjwa wa nje. Daktari Markus Hajek alikata uvimbe wa kaakaa, upande wa kulia, kama anayeondoa chunjua. Damu ikamtoka mgonjwa kwa wingi. Alikuwa amelazwa katika chumba kidogo, kengele ya kumwitia muuguzi ilikuwa mbovu, na aliyekimbia kuita msaada ni mgonjwa mwenzake.

Kutoka damu kungesameheka. Lisilosameheka ni kwamba maabara ilithibitisha saratani, na bado Hajek hakurudi kupanua mkato. Wala hakuzuia kovu lisijikunje. Likajikunja, na kinywa kikawa kigumu kufunguka. Badala ya kisu, Freud akapelekwa kwa mtaalamu wa eksirei Guido Holzknecht kupigwa mionzi, halafu akawekewa radiamu. Tabia hiyo ingalipo katika vyumba vya upasuaji: daktari anaacha saratani ukingoni mwa jeraha, akitumaini mionzi itamfagilia. Mionzi haifanyi hivyo bila gharama. Huziba mishipa midogo ya damu, hukakamaza misuli ya kutafuna, na mfupa uliokosa damu hufa polepole. Kila mkato wa baadaye hukuta nyama inayopona kwa shida. Freud aliteseka kwa maumivu miezi kadhaa, na saratani ikabaki palepale.

Daktari wa upasuaji aliyefuata, Hans Pichler, alifanya inavyopasa: alijaribia mkato kwenye maiti, Oktoba 4 mwaka huohuo akafunga ateri ya karotidi ya nje na kuondoa tezi, siku chache baadaye akatoa sehemu kubwa ya taya la juu na kupandikiza ngozi ya mkono. Novemba kipimo kilipoonyesha masalia ya saratani, alikata tena siku hiyohiyo. Saratani ya wazi haikurudi hadi 1936.

Tangu 1989, daktari wa upasuaji David Hidalgo alipoonyesha namna ya kuunda taya la chini kwa mfupa mwembamba wa mguu wenye mishipa yake, madaktari wana nyenzo ambazo Pichler hakuwa nazo. Hata hivyo kipandikizi kizuri juu ya ukingo wenye saratani ni kazi bure, na jeraha likivujisha mate, mionzi inayotakiwa kuanza ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji huchelewa.

Freud alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, huku taya bandia likimchubua. Mwishoni mwa 1938, London, alitolewa kipande cha mfupa uliokufa. Alifariki Septemba 23, 1939, saratani ikiwa imetoboa shavu.