Ukumbusho na Majaribio: Kundi la Picha la Lubumbashi na Lugha ya Uhakiki Wake

Kundi la Picha liliundwa Lubumbashi mwaka 2008 na wasanii na waandishi, wakiwamo Sammy Baloji na Patrick Mudekereza. Kupitia bienale ya jiji hilo, ambayo ilianza mwaka huohuo, kundi hili limekuwa mhimili wa sanaa ya majaribio katika ukanda wetu. Ni rahisi kulieleza kama tawi la mikondo ya Ulaya. Makala haya yanadai kinyume: majaribio yake yana mizizi katika dhana ya Kiswahili iliyotangulia, na uhakiki usioijali dhana hiyo unayapotosha.

Dhana yenyewe ni ukumbusho. Katika miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi waliuza picha za kutundikwa sebuleni. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walibainisha kwamba wenyeji waliziita ukumbusho, kwa kuwa zilimchochea mtazamaji asimulie yaliyopita. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora picha 101 za historia ya nchi yake na kumweleza Fabian kila moja kwa Kiswahili cha huko. Mazungumzo hayo ni uhakiki wa sanaa uliokamilika, wala haukungoja istilahi kutoka kokote.

Tuutazame sasa mfululizo wa Baloji uitwao Mémoire (2006), uliotangulia kuundwa kwa kundi. Watu waliokatwa kutoka picha za kikoloni wamepachikwa juu ya picha za mitambo chakavu ya kampuni ya madini ya Gécamines. Mbinu ni mpya, lakini kazi ya picha ni ileile ya kumlazimisha mtazamaji asimulie. Tofauti iko kwa msimulizi. Sebuleni alikuwa mwenye nyumba. Katika jumba la sanaa ni maandishi yaliyobandikwa ukutani, mara nyingi kwa lugha isiyo yake.

Udhaifu wa mkondo huu uko hapo. Picha ni jina la Kiswahili, kama lilivyo Waza, kituo cha sanaa kinachoongozwa na Mudekereza. Lakini mada za bienale, kama Réalités filantes (2015) na Généalogies futures (2019), zilitangazwa kwa Kifaransa. Kiswahili kimebaki kibao cha mlangoni. Pengo hili linazidi kuwa zito pale wasanii wanapochunguza lithiamu ya Manono kupitia mradi wa On-Trade-Off: wanaochimbiwa ardhi wanastahili kuusoma na kuupinga uchunguzi huo kwa lugha wanayoitumia.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kukusanya istilahi za sanaa kutoka Lubumbashi kabla ya kubuni mpya, bila kuzisahihisha kwa kipimo cha Kiswahili Sanifu. Waandaaji wa maonyesho nao warekodi maelezo ya watazamaji kwa Kiswahili na kuyachapisha pamoja na katalogi. Bila hatua hizo, kanda itaendelea kuzalisha sanaa ambayo thamani yake inaamuliwa na wasomaji wa lugha nyingine.