Unga wa Shilingi 90: Jinsi Habari Ilivyoishia Dukani

Mnamo Mei 16, 2017, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Kenya, Willy Bett, alitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ingeuzwa kwa shilingi 90. Wakati huo pakiti hiyo ilikuwa imepita shilingi 150 katika maduka mengi, mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 11.7, na uchaguzi mkuu wa Agosti 8 ulikuwa unabisha hodi. Vyumba vya habari viliipa habari hiyo uzito uliostahili. Ninachotaka kuchambua ni namna ilivyoandikwa: kipi kilipimwa, mwandishi alisimama wapi, na ni bei ipi iliyoachwa nje ya ukurasa.

Mwandishi alisimama dukani. Kamera ilielekezwa kwenye rafu ya unga, mteja akaulizwa kama ameupata, meneja akaeleza kwa nini kila mtu anaruhusiwa pakiti moja au mbili tu. Ni kazi halali. Msomaji anataka kujua kama ahadi ya serikali imefika mtaani kwake, na serikali iliagiza bei ichapwe kwenye pakiti ili mwenye duka asiipandishe. Shida ni kwamba rafu tupu haisemi kwa nini iko tupu. Chukua mfano wa Nakumatt, iliyokuwa supamaketi kubwa kuliko zote nchini. Mwaka huohuo ilikuwa inadaiwa mabilioni ya pesa na waliokuwa wakiiletea bidhaa, nao wengi walikuwa wameacha kuleta. Rafu zake zilikuwa wazi upande wa mafuta na sabuni pia, na Januari 2018 mahakama iliiweka mikononi mwa msimamizi. Picha iliyopigwa humo ingeweza kuonyesha uhaba wa mahindi, au ingeweza kuonyesha deni la supamaketi. Maelezo chini ya picha yalipaswa kutaja duka ni lipi na kama supamaketi jirani ilikuwa na unga siku hiyo. Bila hayo, mwananchi alibaki na jibu la haraka tu, kwamba kuna watu wameuficha.

Kisha ikaja meli. IVS Pinehurst ilitia nanga Mombasa mwezi huo ikiwa na takriban tani 30,000 za mahindi meupe, na serikali ikasema yametoka Mexico. Wakenya wakashangaa yamewezaje kufika upesi hivyo. Waandishi na wasomaji wao walifungua tovuti zinazoonyesha mwendo wa meli, wakaona safari hiyo ilianzia Afrika Kusini. Maofisa wakalazimika kufafanua kwamba mahindi yalilimwa Mexico lakini yalipakiwa Durban. Hapo uandishi wetu ulifanya kazi nzuri sana, na swali lenyewe lilikuwa zito. Tangu Novemba 2012 Kenya ilikuwa imepiga marufuku uagizaji wa vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, na mahindi mengi ya Afrika Kusini ni ya aina hiyo. Chimbuko la shehena lilikuwa suala la sheria na la afya.

Lakini tani 30,000 ni magunia kama 333,000 ya kilo 90. Nchi hii hula zaidi ya magunia milioni tatu kwa mwezi. Kwa hiyo meli iliyotawala kurasa za mbele ilibeba chakula cha siku tatu hivi. Hesabu hiyo inafanyika kwa dakika moja, na ingemwonyesha msomaji papo hapo kwamba meli hii peke yake haiwezi kujaza rafu, na kwamba cha kuulizwa ni meli ngapi zinafuata, za nani, na zinauziwa nani kwa bei gani.

Bei hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha sera yote. Serikali haikulipa ruzuku dukani. Ilinunua mahindi kwa bei ya juu, ikawauzia wenye vinu kwa shilingi 2,300 kwa gunia. Tuifanye hesabu ambayo ingetosha kwenye kisanduku kidogo kando ya habari. Tuseme gunia la kilo 90 linatoa kilo 68 za sembe, kiasi kingine kikitoka kama pumba. Hizo ni pakiti 34. Gawa 2,300 kwa 34, unapata karibu shilingi 68 za mahindi ndani ya kila pakiti. Ukitoa kwenye 90 zinabaki 22, na humo lazima mtoke umeme wa kinu, karatasi ya pakiti, mishahara, lori, faida ya msambazaji na faida ya mwenye duka. Mwenye kinu ana nyongeza kidogo kutokana na pumba anazouzia watengenezaji wa chakula cha mifugo, lakini nafasi ni finyu.

Sasa fikiria wewe ndiye mwenye kinu, una lori moja la unga huo. Utalipeleka supamaketi ya mjini inayopokea mzigo mzima mara moja, au utalizungusha kwa vioski 200 vya mitaa ya Kayole na Kisauni, kila kimoja kikichukua bunda moja? Hapo ndipo jibu la swali lililoulizwa kila jioni kwenye taarifa za habari: kwa nini unga wa 90 hauonekani mitaani? Si lazima awepo mtu anayeuficha. Shilingi 22 haziwezi kubeba safari ndefu. Mwandishi aliyeshika kikokotoo angemuuliza waziri kuhusu hizo 22 badala ya kumuuliza mwenye duka kuhusu njama.

Kuna familia ambazo hazikugusa kabisa pakiti hiyo. Nyumba nyingi hununua mahindi sokoni kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia nafaka, na kuyapeleka kwenye mashine ya posho. Mahindi yao hayakupita kwa wenye vinu wakubwa, kwa hiyo ruzuku haikuwafikia isipokuwa waache mazoea yao wakapange foleni dukani. Habari nyingi nilizosoma zilitumia pakiti ya kilo mbili kama kipimo cha taifa zima, kana kwamba Mkenya asiyenunua pakiti hali ugali. Kuweka bei ya gorogoro ya Kongowea au Kitale kando ya bei ya pakiti kungeonyesha nani anasaidiwa na nani amesahaulika.

Pigo kubwa zaidi lilisababishwa na mpangilio wa vyumba vya habari. Unga ulikuwa habari ya Nairobi, mahindi yakawa habari ya Eldoret na Kitale, na zote mbili zilikutana mara chache. Mwishoni mwa 2017, Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao iliwapangia wakulima shilingi 3,200 kwa gunia. Serikali ileile iliuza gunia kwa 2,300 na kununua kwa 3,200. Sisemi kila gunia la ruzuku lilirudi kwenye ghala la Bodi. Nasema pengo la shilingi 900 lilikuwa wazi magazetini, namba moja ukurasa huu na nyingine ukurasa ule, miezi kadhaa kabla kashfa ya mahindi ya 2018 haijalipuka. Ilipolipuka, wakulima wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa hawajalipwa huku wafanyabiashara wakidaiwa kulipwa mabilioni kwa mahindi waliyoyapeleka kama yao. Waandishi waliifuatilia kashfa hiyo kwa ujasiri. Inauma kwamba onyo lilikuwa limeshachapishwa na sisi wenyewe.

Miaka mitano baadaye, Julai 20, 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi mwingine, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza pakiti ya shilingi 100, kutoka zaidi ya 200. Picha za rafu zilirudi, na wateja wakaulizwa yaleyale. Ila safari hii utaratibu ulikuwa tofauti: kinu kiuze kwa bei ya chini kwanza, kisha kidai tofauti kutoka kwa serikali. Maana yake ni kwamba kila pakiti iliyotoka kiwandani ilikuwa mkopo kwa Wizara, na kinu chenye mtaji mdogo hakiwezi kuikopesha serikali kwa muda mrefu. Unga uliadimika. Septemba 13, katika hotuba ya kuapishwa kwake Kasarani, Rais William Ruto alisema ruzuku hiyo imegharimu shilingi bilioni 7 na kwamba ruzuku za namna hiyo zenyewe huzalisha uhaba. Baadaye wenye vinu wakaanza kulalamika hadharani kwamba hawajalipwa. Malalamiko hayo yaliingia kurasa za biashara kama mvutano wa kampuni na Hazina, mbali na picha za rafu tupu za Julai, ingawa deni hilo na rafu hizo vilitokana na mkataba mmoja.