Elop alitupa mbacha kabla msala haujafika

Semina za uongozi zimeanza tena mjini, na wiki iliyopita nimemsikia mkufunzi mwingine akiisifia barua ya jukwaa linaloungua. Mnaijua. Februari 2011, Stephen Elop, miezi mitano tu tangu aingie Nokia akitokea Microsoft, anawaandikia wafanyakazi wake kisa cha mtu aliyeamka usiku kwenye jukwaa la mafuta Bahari ya Kaskazini, moto nyuma yake, maji ya barafu chini, akachagua kuruka. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga. Tangu nianze kufuatilia kazi hii ya kubadilisha mashirika sijaona uamuzi wa meneja uliokosewa waziwazi kama ule, na inaniuma kuona tunaufundisha kama mfano wa kuigwa.

Waraka ulivuja mara moja, kama unavyovuja waraka wowote unaosomwa na maelfu ya watu. Lakini kosa lenyewe lilitimia Ijumaa ya tarehe 11, London. Elop anapanda jukwaani pamoja na Steve Ballmer wa Microsoft na kutangaza kwamba simu janja za Nokia zinahamia Windows Phone. Symbian, mfumo wake wa zamani, itaondoka taratibu. Hapo hapo, kwa kinywa kile kile, anasema kampuni inatarajia kuuza simu nyingine milioni 150 zenye Symbian.

Ziwekeni kauli hizo mbili sambamba. Wiki hiyo hiyo waraka wake umekiri kwamba Symbian haishindani tena katika masoko makubwa. Sasa anawaomba watu wainunue mara milioni 150 zaidi. Wahenga walikataza kutukana wakunga na uzazi ungalipo, na Symbian ndiye aliyekuwa mkunga wa mishahara yote ya pale makao makuu Espoo. Simu ya kuchukua nafasi yake haikuwepo dukani, wala ghalani, wala njiani. Simu hiyo, Lumia 800, ilitangazwa tarehe 26 Oktoba ikaanza kuuzwa Novemba. Yaani miezi tisa kampuni iliishi kwa kuuza mali ambayo mkuu wake ameshaitangazia kifo.

Matokeo mliyaona. Siku ile ile hisa zilianguka kwa takriban asilimia 14. Robo ya mwisho ya 2010 Nokia ilikuwa imeuza simu janja zaidi ya milioni 28. Robo ya pili ya 2011 zikawa milioni 16.7, na Apple na Samsung wakaipita. Tarehe 31 Mei ilibidi kampuni iwaonye wenye hisa kwamba hesabu zake za mwanzo hazitafikiwa. Watetezi wa Elop husema Symbian ilikuwa inazama hata hivyo. Kweli ilikuwa inapungua. Ila kuna tofauti ya chombo kinachovuja na chombo ambacho nahodha amekitoboa mwenyewe kabla mashua ya kuokolea haijaundwa.

Nililiona hilo kwa macho yangu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mwezi wa nne mwaka ule. Kijana ameshika N8, ile ya bodi ya chuma na kamera ya megapikseli 12. Anaigeuza, anaipima uzito, pesa anayo. Kisha anauliza, "Si hizi ndizo wanaacha kuzitengeneza?" Mwenye duka akamwambia, "Bado zipo, kaka, na waranti ni mwaka mzima." Kijana akairudisha juu ya kioo, polepole, akasema basi atasubiri hizo mpya. Mwenye duka akaifuta alama za vidole kwa kitambaa na kuirudisha kwenye boksi. Muuza duka yule hakuwahi kusoma waraka wa Elop, lakini kuanzia siku ile aliacha kuagiza simu za bei hiyo.

Na hizo mpya zilipofika? Lumia 800 na 710 hazikuwa na mahali pa kuweka memori kadi. Hazikuweza kumtumia mtu wimbo kwa bluetooth. Kuingiza muziki ulihitaji kompyuta yenye programu ya Zune. Wakati ule nyimbo tulijaziwa kibandani, unampa kijana memori kadi na shilingi zako, unaondoka na albamu nzima. Simu isiyopokea kadi wala wimbo kwa bluetooth ilikuwa imemkata mteja wetu mguu.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nalo kwangu ndilo lenye uchungu zaidi. Daraja lilikuwepo. Mwaka 2008 Nokia iliinunua Trolltech, wenye Qt, nyenzo ya kuandikia programu, na kwa miaka miwili iliwahubiria watengeneza programu wajifunze Qt ili kazi moja iende kwenye Symbian leo na kwenye mfumo mpya wa MeeGo kesho. Watu walijifunza. Tarehe 11 Februari wakaambiwa Windows Phone haitatumia Qt. Meneja anayeleta mabadiliko huishi kwa ahadi zilizotolewa kabla yake kama anavyoishi kwa zake. Ukiwavunjia watu ahadi ya jana, ya leo wataipokea wakiwa wameshika funguo za mlango. N9, simu ya MeeGo iliyotoka mwaka ule ule na kusifiwa na karibu kila aliyeishika, haikupelekwa hata Uingereza wala Marekani.

Nawarudia sasa wakufunzi wetu. John Kotter aliandika hatua 8 za kuongoza mabadiliko, na ya kwanza ni kuwafanya watu waone kwamba hali haisubiri. Mameneja wetu husoma hiyo moja, wakafunga kitabu. Wanarudi ofisini, wanatisha watu, wanaita kutisha huko uongozi. Kule Nokia hofu haikuwa haba. Quy Huy na Timo Vuori, waliowahoji mameneja na wahandisi wa kampuni hiyo kuhusu miaka ya kabla ya Elop, walikuta mameneja wa kati wanaogopa kuwapelekea wakubwa habari mbaya, na wakubwa wanaogopa kushindwa mbele ya soko. Shirika la namna hiyo linahitaji mtu wa kushusha sauti ili ukweli upande ngazi. Elop aliwaongezea moto watu waliokuwa wameshaungua.

Mazuri yake nayakubali: aliona sawasawa kwamba vita vimehama kutoka simu moja moja kwenda kwenye mifumo yenye programu na huduma zake, na kamera za Lumia zilikuwa hodari.  

Lakini linganisheni na wazee wa kazi. Jorma Ollila alipochukua usukani mwaka 1992, Nokia ilikuwa bado na nyaya na televisheni. Biashara hizo ziliachwa moja moja kadiri simu za GSM zilivyosimama zenyewe, na kufikia 1998 Motorola ilikuwa nyuma yao. Lou Gerstner aliikuta IBM mwaka 1993 katika hasara ya dola bilioni 8, na kila mtu akimwambia kompyuta kubwa za ukubwa wa kabati zimekufa. Hakuzizika. Alishusha bei zake, akalipia chipu mpya za kuziendesha, zikamlisha wakati anajenga biashara ya huduma.

Mtaniambia kuna mabadiliko ambayo lazima yatangazwe mapema. Ni kweli. Tarehe 6 Juni 2005 Steve Jobs aliwatangazia watengeneza programu kwamba Mac zinahamia Intel, na mashine za kwanza hazikutoka hadi Januari 2006. Ila alisimama pale na mfumo uliokwisha kuendeshwa kwa siri kwenye Intel kwa miaka mitano, na Rosetta mkononi ya kuendesha programu za zamani. Elop alisimama na Ballmer.

Na Nokia na Microsoft hawakujifunza. Juni 2012, miezi michache tu baada ya Lumia 900 kuingia sokoni, Microsoft ikatangaza kwamba Windows Phone 8 haitakwenda kwenye Lumia yoyote iliyokwisha kuuzwa. Kosa lile lile, kwa bidhaa iliyopaswa kuwa tiba. Mwaka huo kiwanda cha Nokia cha Salo kilifungwa, na Septemba 2013 Nokia ikakubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu kwa euro bilioni 5.44.

Kazi ingefanyika hivi. Mkataba usainiwe, Qt iachiwe uhai ulioahidiwa, Symbian itajwe kwa heshima katika kila kikao, na Windows isitamkwe hadi tarehe 26 Oktoba, Lumia ikiwa mkononi. Kufikia siku hiyo yule kijana wa Aggrey angekuwa ameshapiga picha za nusu mwaka kwa N8 yake.