Taima, katizo na mvua ya Kericho

Katika nchi ya chai, kutoka Kericho hadi Bomet, mvua huingia kwenye hesabu ya kila mtu. Mkulima wa Litein au Mogogosiek akitia mbolea ya NPK shambani, kisha mvua kubwa ikashuka kabla mizizi haijaifyonza, sehemu ya naitrojeni aliyoilipia huishia mtoni. Jambo hili limepimwa. Kuanzia Oktoba 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen cha Ujerumani, akiwemo Suzanne Jacobs, pamoja na wenzao wa taasisi ya utafiti wa misitu ya CIFOR, waliweka vituo vya kujiendesha katika Mau ya Kusini-Magharibi, kwenye vyanzo vya mto Sondu. Vilipima kina cha maji na nitrati kila baada ya dakika 10 katika mabonde matatu: la msitu wa asili, la wakulima wadogo na la mashamba makubwa ya chai. Vijito vya kwenye chai vilionekana kubeba nitrati nyingi kuliko vya msituni. Lakini atakayetaka kuoanisha nitrati na mvua iliyoisukuma lazima kwanza awe na hakika ya mambo mawili: kwamba kipimamvua kilipopinduka mara moja kiliandika mara moja, na kwamba dakika 10 zilizoandikwa zilikuwa dakika 10 kweli. Shule, kiwanda au chama cha wakulima kinaweza kujijengea kipimamvua kwa mikrokontrola ya bei nafuu kama ATmega328P, ile iliyo kwenye Arduino Uno. Uchambuzi huu unahusu namna ya kuipanga chipu hiyo ili mambo hayo mawili yawe kweli. Naona makosa mengi hutokana na kulipa katizo, yaani intarapti, madaraka yasiyo yake. Katizo lihesabu tu. Taima ndiyo iamue ni lini katizo lisikilizwe tena.

Kipimamvua cha aina hii kina vindoo viwili vidogo vilivyokaa juu ya mhimili mmoja kama pembea. Kimoja kikijaa hupinduka na kumwaga, mwenzake akapanda kupokea, na sumaku iliyo kwenye mhimili hupita mbele ya swichi na kuifunga kwa kitambo kidogo. Tuchukue faneli yenye mdomo wa sentimita za mraba 200 na mpinduko mmoja kwa kila milimita 0.2 ya mvua: hiyo ni mililita 4 za maji. Mvua ya milimita 120 kwa saa, ambayo ni kali hata kwa Kericho inayopata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, italeta mipinduko 600 kwa saa, yaani mmoja kila sekunde 6. Hata tukifikiria mvua ya milimita 500 kwa saa, mpinduko ungekuja kila sekunde 1.44. Mguso wa swichi, kwa upande wake, haufungi mara moja ukatulia. Hudunda kwa muda wa milisekunde moja hivi, na chipu inayokwenda kwa megahezi 8 hupata mapigo 8,000 ndani ya milisekunde moja. Kila mdundo unaweza kuonekana kuwa mpinduko mpya. Kati ya milisekunde moja ya kudunda na sekunde 1.44 ya mvua isiyowahi kutarajiwa, kuna nafasi pana. Ukiamua kwamba baada ya kila mpinduko chipu iwe kiziwi kwa milisekunde 250, umeimeza midundo yote na hujatumia hata moja ya tano ya muda uliopo. Programu nyingi huandikwa kwa namba ya kubahatisha mahali hapa, ilhali mvua na faneli zenyewe zinaitoa.

Uziwi huo usipatikane kwa kuisimamisha programu ndani ya katizo, maana prosesa itakuwa macho inakula betri bila kazi. Taima 2 ya chipu hii inaweza kuendeshwa na kristali ya saa ya hezi 32,768 hata prosesa ikiwa imelala. Kigawanyi kikiwekwa 128, taima hupiga mara 256 kwa sekunde, na kwa kuwa ni ya biti 8, hujaa na kuanza upya kila sekunde moja kamili. Hapo una saa. Sasa swichi iunganishwe kwenye pini yenye katizo la mabadiliko, ambalo lina uwezo wa kuiamsha chipu. Likija, na pini ikisomeka imefungwa, ongeza moja, funga katizo hilo, kisha andika kwenye rejista OCR2A, ambayo taima hujilinganisha nayo, thamani ya taima ya sasa ukiongeza 64. Mapigo 64 kati ya 256 ni robo sekunde, na jumla ikivuka 255 huzunguka yenyewe bila hesabu ya ziada. Taima ikifika hapo, programu huamka na kukagua pini: kama swichi imeachia, mlango wa katizo unafunguliwa, kama bado imefungwa, labda kindoo kimenasa katikati kwa jani au mdudu, huongeza robo sekunde nyingine na kulala tena. Kwa mpango huu kindoo kilichonasa hakigeuki mafuriko ya makatizo.

Mtego wa kwanza umo katika neno “kufunga”. Kulifunga katizo hakuizuii bendera yake, yaani biti inayoashiria kwamba tukio limetokea, kuinuka. Swichi inapoachia ndani ya ile robo sekunde, bendera kwenye rejista PCIFR inasimama na kungoja, na mara utakapofungua mlango katizo litaruka kwa tukio lililokwisha kupita. Ni lazima bendera ifutwe kwanza, kwa kuandika 1 na si 0, ndipo katizo lifunguliwe. Mtego wa pili ni wa ajabu zaidi, na unaweza kukifisha chombo shambani. Taima 2 inapotumia kristali ya nje, programu ikiamka na kurudi kulala kabla ya pigo moja la kristali kupita, yaani mikrosekunde 30.5, katizo lilelile linaweza kuruka tena papo hapo, na kama OCR2A haijapokea thamani yake mpya, chipu inaweza kushindwa kuamka tena. Kwa megahezi 8 hizo ni mapigo kama 244, na katizo fupi lililoandikwa vizuri humaliza kabla yake. Tena thamani ya taima ikisomwa mara tu baada ya kuamka huenda isiwe sahihi. Dawa ya yote mawili ni moja: andika chochote kwenye rejista ya Taima 2 isiyotumika, ngoja bendera inayoonyesha kwamba maandishi bado yanaingia ishuke, ndipo usome na ulale.

Mtego wa tatu huzaa mvua ya uongo. Hesabu ya baiti mbili husomwa na chipu ya biti 8 kwa hatua mbili. Tuseme imefika 255, yaani milimita 51. Programu inasoma baiti ya chini, 255. Papo hapo kindoo kinapinduka na hesabu inakuwa 256. Programu inasoma baiti ya juu, 1. Matokeo ni 511, na rekodi inaonyesha milimita 102.2 pale ambapo ilinyesha 51.2. Hili hutokea mara chache sana, na hutokea zaidi wakati wa mvua kubwa, siku ambayo kila mtu yuko tayari kuamini namba kubwa. Makatizo yazimwe kwa muda ule mfupi wa kunakili baiti mbili, kisha yawashwe.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni mzigo, kwa sababu taima ya ulinzi iliyomo ndani ya chipu inaweza kuamsha kila sekunde 8, na mizunguko 75 ikatoa dakika 10. Ni kweli inarahisisha ujenzi, hasa kwa kuwa kwenye Arduino Uno pini za kristali ya saa zimeshachukuliwa na kiendesha mwendo cha megahezi 16. Anayefuata mpango huu hana budi kutumia chipu yenyewe na mwendo wake wa ndani wa megahezi 8. Lakini taima ya ulinzi hubadilika kasi kulingana na joto na volteji. Mvua inaposhuka, hewa hupoa na paneli ya jua hukosa mwanga. Kosa la saa linakuja pamoja na kitu kinachopimwa, na kosa la namna hiyo halifutwi kwa kuchukua wastani wa siku nyingi. Kristali ya kawaida yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea kama sekunde 1.7 kwa siku. Hata hiyo, ikiachwa mwaka mzima bila kusahihishwa, hupotea dakika 10 na nusu, zaidi ya kipindi kizima cha kupimia, kwa hiyo anayekwenda kuchukua data asahihishe saa kila mara.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaotaka maunzi yenyewe yahesabu. Mikrokontrola ya ESP32 ina kihesabu mapigo chenye kichujio chake. Kwa nini kuandika programu? Kwa sababu kichujio hicho hufika mikrosekunde 12.8 tu, na mdundo wa swichi ni mrefu kuliko huo mara nyingi. Kinafaa dhidi ya mishtuko mifupi ya radi kwenye waya, nayo radi haikosekani Kericho jioni, lakini kazi hiyo kipinga na kapasita hufanya kwa shilingi chache. Ningeviweka hivyo kwenye kila chombo, pamoja na uziwi wa taima wala si badala yake.

Inabaki mvua ya mawe, ambayo wakulima wa Kericho na Nandi wanaijua kwa majani yaliyochanika. Mawe hujaa kwenye faneli, kindoo kinakaa kimya huku shamba likipigwa, kisha barafu inayeyuka na mipinduko inakuja baadaye chini ya anga iliyotulia. Hakuna mpangilio wa katizo utakaoirudisha saa nyuma. Kinachowezekana ni kutoandika jumla ya dakika 10 peke yake, bali kuhifadhi sekunde ya kila mpinduko, kwa kuwa Taima 2 tayari inaihesabu. Mipinduko ya barafu inayoyeyuka huja polepole na kupungua taratibu, na msomaji wa rekodi akiiona ikifuata ukimya wa ghafla katikati ya dhoruba anaweza kuitenga na mvua ya maji. Baiti nne kwa kila mpinduko, kwa mvua ya milimita 2,000, ni mipinduko 10,000 na baiti 40,000 kwa mwaka mzima.