Msalaba wa Shaba Kiganjani

Mto Lualaba hupita karibu na Kolwezi, huku kwetu Katanga, kisha hushuka kaskazini hadi ziwa Kisale. Huko Sanga, kando ya ziwa, wataalamu wa mambo ya kale walifukua mwaka 1957 na 1958 makaburi ambayo mengine yana umri wa miaka elfu moja. Katika makaburi ya watoto walikuta vyungu vidogo, vilivyolingana na umri wa marehemu. Namfikiria mfinyanzi: dunia imekwisha nyumbani kwa jirani yake, naye anakaa kufinyanga chungu cha mtoto ambaye hatakula tena, na anahakikisha mdomo wa chungu umekaa sawa.

Katika karne zilizofuata, maiti walizikwa na misalaba ya shaba, kifuani au karibu na nyonga na mikono. Si misalaba ya Kikristo. Wamisionari walikuwa bado hawajafika. Shaba ilitoka huku kwetu kusini, safari ya siku nyingi kwa miguu.

Na kazi yake haikuwa ndogo. Mtama ukishavunwa na kiangazi kushika, Wabasanga, walioitwa walaji wa shaba, walikwenda kutafuta mawe ya kijani. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakapanga makaa, wakavuta mivukuto ya ngozi hadi shaba ikachuruzika. Kisha ikayeyushwa tena na kumiminwa kwenye kalibu. Hapo hakuna kusita: shaba hupoa upesi, na mkono mmoja ukiganda kabla ya mingine, msalaba umeharibika. De Hemptinne, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, aliandika kitabu juu yao mwaka 1926, wakati kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa imekwisha kuwasha matanuri yake makubwa.

Msalaba huo ulikuwa pia fedha, na mahari. Aliyeuzika aliachia mali ambayo ingemwolea mwanawe mke. Mwenye hesabu ataona hasara. Mimi naona hapo ndipo ufundi ule ulipofika juu kabisa.

Leo shaba na kobalti hupakiwa kwenye malori kuelekea mpakani Kasumbalesa. Katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, watu walichimba hadi ndani ya nyumba zao, na mwaka 2017 familia nyingi zikahamishwa. Anayehama hubeba milango na mabati. Kizingiti alichokuwa akikalia marehemu mama yake hakibebeki.

Katanga bado ina mafundi wanaogonga shaba na kuuza picha za ukutani. Nawaomba, ndugu zangu: akija mfiwa, msubieni msalaba mdogo unaoenea kiganjani, na msimpunguzie uzito.