Mchoraji Asiye na Wasifu

Nina tabia ya kusoma wasifu wa mwandishi kabla ya hadithi yake. Kazaliwa wapi, kasoma wapi, kapata tuzo gani. Nikifika ukurasa wa kwanza, nusu ya hukumu nimeshaitoa.

Aliyenivuruga ni mchoraji wa vyungu wa Athens, mwanzoni mwa karne ya 5 KK. Jina lake halijatufikia. Mwaka 1911, John Beazley wa Oxford alilinganisha vifundo vya miguu, masikio na mistari ya mabega kwenye vyungu vilivyotawanyika makumbusho mbalimbali, akasema huu ni mkono mmoja. Akamwita Mchoraji wa Berlin, kwa sababu mtungi mmoja mzuri sana uko Berlin. Mji ambao wakati huo haukuwepo!

Ninaoupenda mimi uko New York, kwenye jumba la Metropolitan. Nimeuona kwa picha tu. Kijana anaimba huku akipiga kithara. Kichwa kakirudisha nyuma, mdomo wazi, na kitambaa kinachoning'inia chini ya ala kinayumba naye. Kuzunguka mwili wake ni weusi mtupu unaong'aa. Na huo mwili haukupakwa rangi. Mchoraji alifunika sehemu zote za pembeni kwa udongo laini unaogeuka mweusi tanuruni, akamwacha mwimbaji abaki na rangi ya chungu chenyewe, kisha akamtia mistari michache. Wengine wangejaza watu, farasi, mapambo. Yeye alijizuia, na kwa kujizuia huko nausikia wimbo.

Lakini Beazley hakuishia kwenye jina. Alizipanga kazi zake kuwa za ujana, za ukomavu na za uzeeni, na zile dhaifu nyingi zikaangukia uzeeni. Hapo nina shaka naye. Labda mzee alichoka kweli. Labda pia siku ile alikuwa na haraka, au mwanafunzi alishika brashi. Nahisi Beazley alikuwa na ugonjwa wangu: alipokosa wasifu, akautunga kutokana na vyungu, halafu akavipima vyungu kwa wasifu huo.

Upande wa pili wa mtungi wa New York kuna mwanamume mwenye fimbo, mkono kaunyoosha. Pengine ni mwamuzi wa mashindano. Mwimbaji kampa mgongo, anaendelea kuimba.